Fataki Ndani ya Wimbi

Baba mkwe,

Shikamoo. Nimeinamisha kichwa hata ninapoandika, mazoea yana taabu. Miaka yote niliyokaa kwenye boma lako sikuwahi kukutazama usoni, na wewe hukuwahi kulitaja jina langu. Ndiyo heshima ya mkwe na mkamwana kwetu. Sasa mwalimu wa kisomo cha watu wazima ametuambia kila mmoja aandike barua kwa mtu anayemfahamu. Wenzangu wamewaandikia ndugu zao walioko Musoma. Mimi nimekuandikia wewe. Kama nimevuka mpaka, kohoa, nitasikia.

Maana ulikuwa ukikohoa. Ukitaka kupita uani ulikohoa ungali mbali, nikapata nafasi ya kuingia jikoni. Ukiwa na neno la kuniambia, ulimwambia ndama aliyefungwa pale nje, nami nikasikia. Yule ndama alitumwa kuliko katibu wa kijiji.

Nakumbuka ile siku niliyosaga wimbi. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari, mashamba yamebaki kule ukingoni mwa pori. Gobore lako ndilo lililolinda chakula chetu, lakini lilikuwa na ugonjwa mmoja: fataki. Vile vikofia vidogo vya shaba vinavyogongwa na nyundo ili baruti iwake, mvua ikinyesha tu vilikufa. Nyundo ilisema ta, na nguruwe wa porini wakaendelea kula. Basi ukazificha fataki ndani ya kibuyu cha wimbi mkavu, na hukumwambia mtu. Mimi nikapata wageni, nikaumimina wimbi ule kwenye jiwe la kusagia. Shaba nyekundu ndani ya wimbi mwekundu, nani angeona? Nikasukuma jiwe, pa. Nikasukuma tena, pa, pa. Nilikimbia nikaacha hata kitambaa cha kichwa.

Mwanao Chacha, mume wangu, alikuja juu. Fataki zilikuwa adimu, na mimi nilikuwa bado mgeni, hata mtoto sina. Nilijua ninarudishwa Gorong'a kwa baba yangu. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ghala niliposikia kikohozi chako. Ukamwambia ndama, "Aliyesaga hana kosa. Mwenye kosa ni mzee aliyeficha fataki kwenye chakula." Kisha ukacheka. "Lakini umesikia, ndama? Zilizosagwa zimelia zote."

Kesho yake nilikuta kibuyu mlangoni pangu, kimejaa wimbi mwingine na fataki zilizosalia. Ndama akaambiwa kwamba tangu leo anayezitunza ni yule anayejua kukausha nafaka. Nikawa nauanika wimbi juani, nikiubadilisha kila ulipovuta unyevu. Wanaume walikutania kwamba gobore lako linaomba ruhusa jikoni. Uliwaacha wacheke. Baba, siku ile uliponikabidhi kibuyu ndipo nilipoacha kuwa mgeni. Nilitamani kukushukuru, na sikuwa na njia. Ndama alikuwa wako, si wangu.

Masika haya ya kwanza bila wewe, tembo walikuja asubuhi, mahindi yakiwa yameanza kubeba. Chacha alikuwa amenunua fataki mpya dukani, zinang'aa, akazitia kwenye mfuko wa shati lililolowa mvua. Mimi nikabeba kibuyu. Ya kwanza ikasema ta. Ya pili, ta. Tembo mmoja tayari alikuwa ndani ya shamba, anang'oa mahindi kama mtu anayechuma mboga. Nikafungua kibuyu nikampa mwanao moja ya zako. Nilifikiri, hii nayo ikifa tutakula nini, sisi na watoto? Akaipachika kwenye gobore, akaelekeza mtutu juu, akavuta. Gobore likanguruma, moshi ukatumeza sote wawili, na ulipotawanyika tembo walikuwa wanaingia porini mikia juu. Nilikaa chini kwenye matope nikalia. Nilikukumbuka sana, baba.

Chacha hakuniambia kitu, unamjua. Jioni alikwenda kwa yule ndama wako, ambaye sasa ni ng'ombe mzima, akasema kwa sauti, "Mzee alimpa kibuyu mtu anayestahili." Nilikuwa jikoni. Nimesikia.

Mahindi yamevunwa, ghala limejaa, na mjukuu wako Bhoke amenenepa. Akipata akili nitamwonyesha namna ya kuanika wimbi, na nitamwambia ni nani aliyenifanya mtunzaji. Nikiwa hai, fataki zako hazitalala kwenye unyevu. Hilo nakuahidi.

Leo nilipokuwa naelekea shambani nilifika karibu na kaburi lako, nikakohoa ningali mbali, kama ulivyokuwa ukinifanyia. Kisha nikasogea, nikasimama mbele yako, na sikugeuza uso. Nikasema asante.

Pumzika pakavu, baba.

Mkamwana wako,
Ghati. Ndilo jina langu.