Nywele za Mzee Mwarandu

Jumanne, 10 Juni 2025

Mjukuu wangu Swabra amekuja Mtongwe kuwang'oa wazee nywele. Ndiyo, kuwang'oa! Hazikatwi, maana anachotaka ni mzizi. Maabara ya chuoni huzitoa seli mzizini na kuzikuza. Siku moja zitasaidia ngozi za walioungua. Seli za wazee zikikua, Swabra atahitimu. Zisipokua, ataanza upya.

Jirani yangu Mzee Mwarandu alikubali kwa sharti: asing'olewe tena maishani. Alipiga ukelele, kuku wakatawanyika! Chupa yenye nywele zake imelala katika friji yangu.

Jumatano, 11 Juni

Astaghfirullah! Nywele za mwanamume asiye maharimu wangu, kando ya tui! Nilidhani ni masazo, kwamba Swabra keshachukua alizohitaji. Nywele iliyong'oka huzikwa, isiokotwe na mwenye nia mbaya — si ushirikina, ni usafi. Nikazitoa kwa kijiti, nikazizika chini ya mpera. Chupa na maji yake nikaviacha. Si mali yangu.

Swabra akaamka. Nyanya, chupa ya Mzee iko wapi? Nataka kuondoka.

Naipangusa, nikasema. Nikajifungia chooni, nikavua mtandio, nikang'oa zangu, nikazitia chupani. Machozi yalitoka. Kelele sikupiga.

Jumatano, 25 Juni

Swabra amepiga simu. Seli za wote zimedorora, isipokuwa za Mzee Mwarandu — zimejaa sahani nzima! Kama za kijana, asema.

Nimefurahi. Kiasi.

Alhamisi, 26 Juni

Swabra amemwambia na Mwarandu. Kosa! Amepita kila nyumba, kofia mkononi, akionyesha kichwa. Kwangu, mwalimu mstaafu, akainama: Mwalimu, wengine tumezeeka kwa nje tu.

Nikamkaribisha kahawa. Nilitaka kuitia chumvi.

Nikaitia.

Alhamisi, 3 Julai

Kesho Swabra anasimama mbele ya walimu wake. Mwarandu amealikwa, amekuja kuazima tai ya marehemu mume wangu. Namfunga tai — simu ikalia.

Swabra, sauti ndogo. Amezipima seli upya. Za Mzee Mwarandu ni za mwanamke! Kama chupa zimechanganyika, kazi yote itatupwa. Au... Nyanya, wewe unamjua Mzee tangu zamani...

Nikasema natafuta miwani. Ninayo usoni. Nimekimbilia chumbani, simu nimeiacha mezani kibarazani. Nasikia Mwarandu ameiokota.

"Niulize mimi mwenyewe, mwanangu! Mimi sina la kuficha!"

Nimesimama mlangoni, mtandio mkononi, kichwa wazi —