Spishi ya Saba

Jumatatu, 3 Juni

Watu wa udongo wameleta data zao leo. Faili ya kwanza inaitwa "mwisho". Ya pili "mwisho kabisa". Ya tatu "mwisho kabisa hii ndiyo". Nikawauliza ipi ndiyo. Wakatazamana. Nikawarudisha nazo.

Halafu wa hospitali. Wao wasipojua umri wa mgonjwa huandika 999, na wenyewe wanaelewana. Mwaka jana mwanafunzi wa uchumi alizichukua hizo kwenye hifadhi yetu ya data akatangaza kwamba wagonjwa wa wilaya nzima ni vikongwe wa wastani wa miaka mia mbili na kitu. Tulicheka wiki nzima. Ndiyo kazi yangu hiyo: kuhakikisha kwamba mtu wa fani nyingine, asiyekujua wala kukuona, atafungua faili yako na kuelewa ulichomaanisha.

Mkuu wetu aliniuliza tena kuhusu sauti za vyura. Jedwali lilishafunguliwa kwa umma tangu Mei. Rekodi zenyewe bado zimefungwa, zinamsubiri mkaguzi. Mkaguzi ni mimi. Nikasema wiki hii. Nimekuwa nikisema wiki hii tangu Aprili. Hakunikemea. Siku hizi hakuna anayenikemea. Afadhali wangenikemea.

Nyumbani mama mkwe yuko kwenye kiti kilekile. Redio imezimwa. Tumekula, tumeosha vyombo. Viatu vyake vya mpira — vya mwanawe — bado viko nyuma ya mlango. Tope limekauka limekuwa jeupe. Kila mmoja wetu anamsubiri mwenzake avitoe.

Jumanne, 4 Juni

Alikuja mhadhiri mpya wa hali ya hewa. Wanamwita Wastani, kwa sababu kila kitu anakitafutia wastani, hata foleni ya kantini. Alipanda ngazi mbio. Akaweka kompyuta juu ya karatasi zangu bila kuomba.

"Dada, nimepata kitu."

Amechukua jedwali la vyura akaliweka pamoja na data zake za mvua na joto. Jedwali lilitengenezwa na idara ya wanyama: programu inasikiliza rekodi na kupanga sauti mafungu mafungu, kila spishi na fungu lake. Nyingi zinajulikana. Ya saba haijulikani. Na hiyo ya saba, anasema Wastani, ni maajabu. Imo katika kila kinamasi. Haijali mvua, haijali kiangazi. Huita mara mbili tu, mwanzo wa rekodi na mwisho wake. Huwa mmoja daima, na hakuna anayemjibu. Miaka kumi na miwili! Halafu Machi mwaka huu, kimya. Vinamasi vyote kwa mpigo. Vyura wengine wote wapo. Huyu tu.

Nikamuuliza kama amewahi kumsikiliza. Akacheka. "Mimi sisikilizi, dada. Mimi nahesabu." Na hata angetaka, rekodi nimezifunga mimi. Ndicho alichofuata: jarida linadai ushahidi wa sauti, hata rekodi mbili tatu. Makala anaituma Jumatatu. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na chuo hakiongezi mkataba wa mtu asiyeandika. Alilisema hilo taratibu, akiangalia dirishani. Nikasema nitazikagua.

Alipoondoka nikavaa hedifoni. Faili ya kwanza iliyokuwa mbele yangu. Maji. Mbu. Mtu akakohoa.

"Haya, kimya jamani. Kinamasi cha pili. Jua limezama, mawingu kidogo, upepo hakuna."

Kisha vyura. Nikasogeza hadi mwisho.

"Basi. Asanteni."

Alikuwa akiwashukuru vyura. Nilimtania sana kwa hilo. Programu haijui utani, imemsikia akiita kwenye maji jioni baada ya jioni, ikampa fungu lake. Tangu Machi vinasa sauti anaviwasha dereva wa idara, naye hasemi neno. Spishi ya saba ni mume wangu.

Nikavua hedifoni. Nikaenda kujaza chupa ya maji. Miezi yote hii niliogopa kwamba nikiisikia sauti yake nitaanguka. Sikuanguka. Ni kama ganzi ya daktari wa meno — shavu unaligusa, unajua ni lako, na hulisikii.

Jumatano, 5 Juni

Sikumwambia Wastani. Nilikagua udongo. "Mwisho kabisa hii ndiyo" haikuwa ndiyo.

Alhamisi, 6 Juni

Wastani amenitumia rasimu ya makala. Hajui. Angejuaje? Ametoka chuo kingine, na kwenye kumbukumbu za hifadhi jina la mrekodi halifanani na langu.

Rasimu ni safi. Ana kalamu nzuri kwa mtu wa hesabu. Kuna mahali ameandika kwamba spishi hii isihesabiwe kuwa imekufa, kwani huenda bado wapo wachache mahali ambapo hapajarekodiwa, na kwamba watafiti waendelee kuitafuta.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Watu wote wamenipa pole. Kadi, mikono, simu. Hakuna aliyeniambia kwamba huenda bado yupo mahali.

Najua ninachopaswa kufanya. Nimewafundisha wengine kwa miaka: ukiona kosa kwenye data, unalisema siku hiyohiyo, hata liwe la profesa. Leo ni siku ya pili nimelikalia. Nikilisema, spishi ya saba inafutwa kwenye jedwali. Na kanuni ya hifadhi inataka sauti za watu zikatwe kwenye rekodi kabla hazijafunguliwa kwa umma. Kanuni nzuri. Niliiandika mimi mwenyewe.

Na nikinyamaza, kijana wa watu anatuma upuuzi Jumatatu, na jina lake linakuwa kichekesho kuliko wale vikongwe wa miaka mia mbili.

Mama mkwe aliniuliza mbona sili. Nikasema nakula. Akaangalia sahani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia.

Nilimwita ofisini, nikampa hedifoni. Alisikiliza akitabasamu, kalamu mkononi. Kisha kalamu ikasimama. Mwanzoni alicheka — nisingemlaumu, ni jambo la kuchekesha. Akasema kumbe ni binadamu! Akauliza kama namfahamu. Nikasema ni mume wangu. Akasema vizuri, basi tumuulize mwenyewe ni rekodi zipi alizozungumza, tuzitoe.

"Amefariki," nikasema. "Machi."

Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo. Siku zote kulikuwa na mtu wa kunisemea: mama mkwe, majirani, mkuu kwenye kikao. Limetoka kavu tu, kama natangaza muda wa kufunga ofisi.

Alifunga kompyuta. Akasema pole. Akakaa. Mimi nikapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. Baadaye akauliza nimejua lini. Nikasema Jumanne. Akahesabu siku kimoyomoyo, nikamwona akihesabu, na hakunilaumu. Akasema makala hakuna basi, na mkataba ndiyo hivyo. Alipofika mlangoni akageuka.

"Katika data zote nilizowahi kushika, dada, sijaona spishi isiyokosa hata jioni moja."

Baada ya chakula cha mchana nikaenda kwa mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akawaita watu wa vyura, nao wakataka sauti zikatwe, zinachanganya programu. Mwalimu mmoja wa lugha, aliyekuwa mle ofisini kwa mambo yake, akarukia: zisikatwe hata kidogo! Mtu mmoja, maneno yaleyale, miaka kumi na miwili, yeye anatafiti jinsi sauti ya mtu inavyozeeka, na hajawahi kupata kitu kama hicho. Wakaanza kubishana, huyu anasema kelele, yule anasema data. Mimi nimekaa katikati, mwenye hizo kelele.

Mkuu akawanyamazisha. Nakala zilizokatwa zitafunguliwa kwa wote. Rekodi asilia zinaweza kutunzwa kwenye sehemu iliyofungwa ya seva, lakini nafasi ni finyu na lazima familia iridhie kwa maandishi, mke na mzazi, wote wawili. Wasiporidhia, zinafutwa. Jibu Jumatano, kwa sababu seva ya zamani inazimwa Alhamisi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemweleza mama mkwe. Nilianza mbali, nikamweleza seva, programu, mafungu. Akanikatiza, akataka niseme wanachotaka. Nikasema wanataka kujua kama sauti ya mwanao ibaki au ifutwe.

"Waifute. Mtu akizikwa, amezikwa na sauti yake. Sitaki aitwe aitwe na watu wasiomjua."

Nikasema si lazima asikilize. Akasema hata asiposikiliza, atajua ipo.

Sikubishana. Ni mama yake, alimjua kabla yangu. Lakini kwenye ukuta wa ofisi yangu kuna kibao nilichokiandika kwa mkono: DATA GHAFI HAIFUTWI. Maprofesa wazima nimewasomea kibao hicho. Nimefika chumbani nikakaa kitandani na hasira — ndogo, lakini ilikuwa hasira. Karibu niifurahie. Ni kitu, angalau.

Jumatatu, 10 Juni

Kazini, kama kawaida. Wastani amepita na sanduku la vitabu, amenisalimia kwa kichwa.

Jioni nilikuwa nikikatakata vitunguu. Mama mkwe akaja akasimama mlangoni mwa jiko. Hakai jikoni siku hizi.

"Alikuwa akisema nini huko?"

Nikamwambia. Jina la mahali, hali ya hewa. Mwisho anasema basi, asanteni. Mwanzo anasema haya, kimya jamani.

Niliendelea kukata, nikadhani ameondoka.

"Hilo ni langu," akasema. "Hilo la kimya jamani. Nilikuwa nawaambia wanangu hivyo nikitaka kuzima taa. Wenzake wanatii, yeye anaendelea kunong'ona na ukuta. Kumbe alikuwa anasikia."

Akachukua kisu mkononi mwangu, akamalizia vitunguu yeye. Tukiwa mezani akasema niilete hiyo sauti. Kesho. Aisikie kwanza, ndipo aseme ifutwe.

Jumanne, 11 Juni

Mkuu ameniruhusu nije na kompyuta ya ofisi. Fomu pia ninayo. Nimeweka sahihi yangu asubuhi. Nafasi ya mzazi iko wazi.

Tumekaa sebuleni, jua linazama. Nikamuuliza aanze na ipi, ya kwanza kabisa, alipokuwa bado kijana? Akasema anataka ya mwisho. Nikamwambia ya mwisho ni ndefu, tusikilize fupi. Akasema hiyohiyo.

Sikumweleza kwa nini ni ndefu. Mara moja kwa mwezi alikuwa anakiacha kinasa sauti kinamasini usiku kucha. Anasema maneno yake, anakifunga kwenye mti, anarudi nyumbani kulala. Alfajiri anakifuata, anasema basi, anakizima. Ile ya Machi alirudi, akala, akaniuliza kama nimelipa umeme, akalala. Alfajiri hakuamka. Kinasa alikwenda kukichukua dereva wa idara siku kadhaa baadaye. Betri ilishakufa.

Nikabonyeza.

Maji. Kukohoa. "Haya, kimya jamani."

Mama mkwe alinyooka kwenye kiti. Nami pia, naona. Mume wangu akataja kinamasi, akataja mawingu, akasema mvua iko karibu. Hatua zake kwenye tope, chwapu, chwapu, zikaenda mbali. Kisha vyura, mmoja, wengi, wote. Zamani watu walimtania kwa ile methali, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, naye alikuwa akijibu kwamba ng'ombe angewasikiliza angejua maji yako wapi. Nimekumbuka hilo ghafla nikataka kumweleza mama mkwe. Nikafungua mdomo. Akaweka kidole mdomoni pake: kimya.

Simu yake ikaita. Akaigeuza kifudifudi. Giza limeingia na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Naandika kwa mwanga wa kompyuta. Ukurasa huu umelowa mahali pawili, na nimegusa uso wangu, kumbe ni mimi. Tangu saa ngapi sijui. Inauma. Jamani, inauma!

Chakula hakijapikwa. Nimenyoosha mkono ili nisimamishe.

"Usizime," akasema, polepole. "Hajasema basi."

Fomu iko mezani mbele yake, na kalamu. Hajaigusa. Ameegemea mbele, mikono magotini, anasubiri. Sijamwambia kwamba hatasema. Kompyuta inaonyesha kwamba rekodi bado ina saa nyingi, na betri imebaki kidogo.

Nimeinuka kutafuta chaja — taratibu, kiti kisilie.