Nilimshinda Baba kwa Maswali, Sasa Tanuri Halijawashwa

Mpendwa Bi Mirtale, nisaidie, hili siwezi kumwambia mtu uso kwa uso.

Mimi ni mfinyanzi hapa Keramiko, mtaa wa wafinyanzi, shule sikukaa, na mbele za watu huwa nanyamaza naangalia tu, ndivyo nilivyowaangalia wale watu wa hekima wanaobishana sokoni Athene, wanamuuliza mtu kitu kidogo, akijibu wanamgeuzia, mpaka anabaki mdomo wazi, nikaupenda ule mchezo nikawa naufanyia mazoezi kichwani, sasa juzi baba anajisifu kwa wateja wawili wanaonunua vyungu vya mafuta ya zeituni kwamba chungu kizuri anakijua yeye, sijui nini kilinisukuma, nikamuuliza chungu kizuri ni kipi, akasema kisichovuja, nikamwambia na kile chako cha kuchujia jibini, chenye matundu, ni kibaya? Wateja wakacheka, baba akajaribu tena nikamnasa tena, mara tatu, nikamalizia, "Basi baba, hujui."

Akanawa mikono akaingia ndani. Leo siku ya nne, tanuri limejaa kazi ya miezi miwili, kila nikimwita anasema, "Si wewe ndiye mwenye hekima? Choma." Bibi, sijui kuchoma, wakati wa kuziba tundu la moshi anaujua yeye peke yake, nikikosea vyote vinaharibika, na mama haongei na yeyote kati yetu. Nifanyeje?

Onasimo

Onasimo mwanangu,

Pole, lakini umekaa kimya miaka yote, ulimi ulipofunguka ukaanza na baba yako. Haya, nijibu mimi: chungu kizuri ni kipi? Umeona? Nawe hujui. Wale watu wa sokoni, walio wa kweli, huanza kwa kukiri kwamba wenyewe hawajui, ndipo wanauliza ili wajue. Wewe ulisikia kicheko tu, hilo likakupita. Na baba kushindwa kueleza si kwamba hajui. Ujuzi wake uko machoni na mikononi, na ndio uliokulea.

Sasa, waite wateja walewale waliocheka. Mbele yao sema, "Baba, sijui moto unatosha lini. Nifundishe." Akikujibu ovyo, usimnase. Akiingia ndani tena, panga kuni mdomoni mwa tanuri usubiri. Akija kuchungulia, chungulia naye mpaka uone anachokiona. Maswali mengine yaache mpaka vyungu vipoe.