Profesa wa Wavulana Waliovaa Magauni

Garissa

Dada Nekesa,

Salamu zangu zikukute umekaa, ingawa najua hukai. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na Naliaka wangu, bado anakuchosha kwa maswali? Mimi ni mzima, ila joto la huku halina adabu, na nina maneno machungu mdomoni ambayo sina wa kumtemea ila wewe.

Yule Profesa wangu wa Nairobi alikuja. Yule aliyesimamia tasnifu yangu, ambaye mjomba alimwona kwenye mahafali akasema ni mtu mkubwa, kwa sababu ya tai tu. Mjomba huyohuyo hadi leo ananiuliza dawa ya mgongo kwa kuwa naitwa daktari! Unakumbuka nilivyokueleza kazi ya Profesa: kwamba katika tamthilia za kale za Uingereza wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, kwa hiyo wavulana walivaa magauni wakaigiza malkia. Basi, ni hilo tu. Kwa hilo amepanda ndege, amevishwa majoho, amezeeka. Nami nikamfuata kama kondoo, nikasomea magauni hayohayo mpaka nikaletwa huku kufundisha walimu watarajiwa.

Safari hii alikuja kuwatahini wanafunzi wangu. Nawe unajua nilivyomhitaji. Anastaafu, na neno lake moja lingenipa nafasi Nairobi, nikakaa na mwanangu Naliaka badala ya kumlea kwa simu.

Wasichana wangu waliandaa mchezo mmoja wa kisasi wa enzi hizo, nilioutafsiri mwenyewe. Sharti lao lilikuwa moja: waigize wao kwa wao, watazamaji wawe mama zao na shangazi zao, na mlango ufungwe. Hata harusini wanawake wa huku huimba na kucheza peke yao, kwa hiyo sikuona ajabu. Profesa walimkubali kwa kuwa ndiye mtahini, wakamwekea kiti nyuma kabisa. Hodan, binti mrefu mwenye sauti ya kuita ngamia, ndiye aliyekuwa mfalme. Alivaa kikoi cha baba yake, akajipaka ndevu za makaa, akashika fimbo. Alipoingia tu, mama mmoja akapiga ukelele, "Wallahi, huyu bwana yangu kabisa!" Watu wakacheka hadi machozi. Dada, sijawahi kuipenda kazi yangu kama dakika ile.

Profesa akasimama katikati ya onyesho. "Huu ni mzaha gani? Wanaume wako wapi?" Kisha, Mungu anisamehe kwa niliyoyawaza, akaenda akafungua mlango mwenyewe, akaita vijana wawili waliokuwa wakicheza mpira uwanjani waje wasome maneno ya mfalme. Wakaingia na jasho lao, vifua wazi. Akina mama wakajifunika, wakainuka, wakatoka kimya kimya. Hodan akajifuta ndevu kwa kiganja, machozi na makaa vikachanganyika. "Mwalimu," akaniuliza, "si ulisema huyu brofesa ndiye anajua hii mambo?"

Punda aliyebebeshwa vitabu, Dada! Mchana nikamlisha nyama ya ngamia, meno yakimshinda, naye akatoa hukumu. "Hawa watu hawana tamthilia. Nitapendekeza somo lifungwe. Wewe ukiniunga mkono kwa maandishi, nafasi ya Nairobi ni yako."

Nikamuuliza, "Profesa, ulichokiona asubuhi si ndicho ulichokiandika maisha yako yote, kimegeuzwa tu?"

Akaniangalia kwa huruma, mjinga yule. "Nafula, ile ilikuwa sanaa."

Nikamwambia amalize nyama, basi lisimwache. Sikuandika neno. Ameondoka na nafasi yangu, na somo sijui kama litapona. Usiniambie nina kiburi, ninajua. Nililia pia, tena sana, kwa ajili ya Naliaka.

Jumamosi mama yake Hodan akaja kwangu na wenzake. "Maliza mchezo," akasema. "Sisi hatujajua nani anakufa." Tukafunga mlango, yeye mwenyewe akaketi akiuegemea. Walimzomea muuaji hadi akasahau maneno yake.

Sasa, Dada, lililonifanya niandike. Nairobi haipo tena, na sitaki kungoja nyingine. Mlete Naliaka huku. Shule ipo, na chumba changu kina feni. Mjomba atasema nampeleka mtoto kufa. Mjomba hajawahi kuvuka Eldoret, na anasimulia hatari za Garissa kana kwamba amezaliwa kambini Dagahaley. Usimsikilize.

Nisalimie Mama, na shemeji wa kinu cha posho, na shangazi anayeniombea mume kila Jumapili, mwambie apumzike. Hata mjomba msalimie, kidogo.

Lakini wewe sijui nikuambie nini. Najua ninayemwomba si mwanangu peke yangu. Alikuita mama kabla ya kuniita mimi. Njoo naye, ukae hapa kwangu mpaka siku atakapoacha kukulilia.

Mdogo wako,
Nafula