Kisu Nilichokificha Kibindoni

Bi Mize,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mkono wangu haujui kuanza pengine.

Arobaini yako ilipopita tulirudi majini, wanawake wote wa chama, tukavipigilia upya vigingi vya mwani walivyoving'oa walinzi wa hoteli. Shamba lako tulilipanda la kwanza. Binti yako Asha ndiye anayelichuma, na sabuni yetu ya mwani inafika soko la Darajani kama ulivyotaka. Habari njema ndiyo hiyo tu.

Nikifumba macho nakuona. Panga shingoni, kanga yako ya kijani imelowa, maji ya magotini yamegeuka mekundu na mwani unaelea juu yake. Tulikubeba watu sita, damu yako inanitiririka mkononi, ya moto bado, Bi Mize. Ulikata roho kabla hatujakanyaga mchanga mkavu.

Mtaa mzima unamlaani Makame, nami namlaani. Kijana wa hapa hapa Uroa, mamake Bi Kazija anafunga kamba za mwani pamoja na sisi, akenda kuvaa sare za hoteli atung'olee vigingi ili wageni wapate pa kuogelea. Lakini wewe na mimi tunajua lililotangulia.

Siku tatu ulipita nyumba kwa nyumba kutuita tukavilinde vigingi, ukawatoa hata wake waliokatazwa na waume zao. Asubuhi ile ukaweka pakacha kibandani, ukataka kila mtu atie humo kisu chake cha kukatia kamba. Tuingie mikono mitupu, tukae kati ya vigingi vyetu tushikane. "Wakituona na chuma watatuita majambazi, na bahari itakuwa yao." Wenzangu wakatia. Mimi nikajifanya natia, nikakibana changu kibindoni. Nilishaapa safari hii nitamtoa mtu utumbo. Unanijua nilivyo. Mume kaniacha na watoto wanne, mwani ule ndio uji wao, na hasira zangu hazijapata kulala hata siku moja.

Makame alipoikata kamba yangu ya kwanza sikungoja. Nikamchoma mkono. Akapiga yowe, akanyanyua panga kunijia mimi, na wewe ukajitia kati. Panga lile lilikuwa la shingo yangu, Bi Mize. Kisu nikakiachia kikazama.

Kwa polisi tuliapa sote kwamba hatukuwa na silaha. Wenzangu waliapa kweli, mimi niliapa uongo. Sasa wakili wa Makame anasema mteja wake alichomwa kwanza, wenzangu wanamzomea mpaka sauti zinawakauka, na mimi nazomea nao.

Jana Bi Kazija alinijia majini. Nilikuwa nagongea kigingi kwa jiwe, na wallahi nilitamani nimponde kichwa kwa kumzaa yule. Akaushika mkono wangu wenye jiwe. Akaniambia alikiona kisu changu tokea siku ile, na hajamwambia mtu, hata mwanawe alipomlilia kule rumande. Anangoja niseme mwenyewe.

"Mwanangu kaua, na afungwe. Lakini Mize aliwaambia watu tunaingia mikono mitupu. Wewe unamfanya muongo kaburini."

Nikaliachia jiwe, nikalia.

Naogopa. Nikisema, huenda hoteli ikatunyang'anya pwani. Nikinyamaza, siku wakikigundua watatuita waongo sote, na wewe wa mwanzo. Kesho kutwa nasimama mahakamani, nshaamua. Nitasema kisu kilikuwa changu peke yangu. Wakinifunga, Asha atachuma na shamba langu, watoto wangu watakula kwake, keshakubali.

Pakacha lako lipo bado kibandani na visu vyake ndani, hakuna aliyethubutu kuligusa tangu tukuzike. Nitalibeba mwenyewe mpaka mbele ya hakimu, ayaone maneno yako yalivyotiiwa. Tulikuwa wanawake ishirini asubuhi ile. Avihesabu visu. Atavikuta kumi na tisa.

Pumzika, Bi Mize. Sikufichi tena kitu.

Mwanafunzi wako wa mwani,
Pili