Nyumba Isiyo na Alama ya Kidole cha Babu

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Babu.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili: mara ya kwanza kwa niaba yangu, na ya pili kwa niaba ya Mama, ambaye amesimama mlangoni akinihimiza nisisahau kukuuliza kuhusu goti lako. Linaendeleaje? Bado unapanda ghorofa nne za hospitali kwa miguu kila zamu kwa sababu lifti haiaminiki? Na baridi ya huko imelegea, au ungali unalala na soksi? Sisi huku tu wazima. Kikohozi cha Babu kimepungua, anakula vizuri, na asubuhi hii amezozana na redio kuanzia taarifa ya habari hadi matangazo ya biashara. Mama anasema hicho ndicho kipimo cha afya yake.

Najua, hata hivyo, kwamba hukuwa ukingojea habari za kikohozi. Nitalitamka jambo lenyewe kwanza, kisha nilieleze: hatujatia sahihi. Nyumba uliyoichagua bado si yako, na mimi ndiye niliyeomba tusubiri.

Ningeweza kukupigia simu, lakini Babu amekataa katakata. Anasema kwenye simu utaanza kumtetea kabla hajamaliza, na safari hii anataka kusikilizwa hadi mwisho. Kwa hiyo ameketi hapa kando ya meza yangu. Mimi naandika, yeye anasikiliza ninachosoma kwa sauti, na kila ninapotia nakshi anaigonga meza kwa fimbo.

Kabla ya yote, sina budi kuifuta kauli yangu. Mwezi uliopita nilikuletea ripoti ya kurasa tisa, yenye tanbihi kumi na nne, nikikuhakikishia kwamba nyumba ile ni imara kwa kila kigezo kinachokubalika kiakili. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu vya ujenzi kwa wiki mbili, nikaamini kwamba mtu aliyehitimu falsafa kwa daraja la kwanza hawezi kushindwa na ukuta. Ripoti hiyo naomba uichane. Ukurasa wa saba tu, unaohusu shimo la maji taka, waweza kuubakiza, kwa maana mhandisi ameuthibitisha neno kwa neno.

Naam, mhandisi. Aliyetuokoa ni Mama. Nilipokuwa nikijisifu kwamba umeikubali ripoti yangu na kwamba Jumatatu tungekwenda kwa mwanasheria, yeye alikuwa akikunja nguo, wala hakuinua kichwa.

"Hata viatu mtu huvivaa kwanza, akatembea navyo dukani huku na huko," alisema. "Leo wifi yangu anunue nyumba kwa kusoma insha yako?"

Nilimpinga kwa hoja tatu, na hadi leo naziona hoja nzuri. Nyumba ile aliijenga Babu mwenyewe, tangu msingi hadi paa, alipokuwa mwashi kijana. Kumwita mgeni aje kuigongagonga kwa nyundo ilhali aliyeijenga yu hai, ana macho na ana masikio, niliona ni tusi. Mama alinisikiliza hadi nikakauka koo, akasema hoja zangu zimempendeza sana, kisha akamgeukia Babu na kumuuliza: tumwite mhandisi au tusimwite?

"Mwiteni," alijibu Babu.

Mimi nililichukua jibu lile kama la fundi asiyeogopa kukaguliwa. Hapo napo, Shangazi, nilikosea.

Mhandisi alifika saa mbili asubuhi: mwanamke mfupi, mwenye buti zilizochakaa na mkoba mzito kuliko yeye. Hakutoka mle hadi saa nane mchana. Alilala kifudifudi sakafuni akimulika pembe za kuta kwa tochi. Aliingia darini akatoka na utando wa buibui kwenye nyusi. Alichimba kando ya pembe moja ya nje ili aone msingi umeshuka kiasi gani, na akamfuata jirani kumuuliza mvua ikinyesha maji hupita wapi. Mimi niliitazama nyumba ile, naam, kwa makini, yeye aliihoji. Nilimfuata chumba hadi chumba, ripoti yangu mkononi, na hatimaye akaipokea kwa adabu na kusoma ukurasa wa kwanza.

"Umesomea nini, kaka?"

"Falsafa."

"Safi sana. Basi nishikie ngazi."

Nikamshikia. Na kwa kitambo kirefu nilishika ngazi nikiwa na furaha, kwa kuwa kila alilolitamka lilikuwa sifa. Msingi una kina cha kutosha. Kuta zimesimama wima. Timazi, ile kamba yenye uzito nchani, ilining'inia kando yake bila kuacha hata upenyo wa unene wa karatasi. Mbao za paa ni nzima, isipokuwa mbili zilizoonjwa na mchwa. "Fundi huyu alikuwa na mkono," alisema, naye hakujua fundi ni nani. Nilitamani ungekuwapo umsikie.

Kisha akafika kwenye ule uwazi mpana unaotenganisha sebule na jiko. Juu yake pamepita boriti ya zege, na juu ya boriti ndipo kilipo chumba cha ghorofani, kile ulichokichagua kwenye picha kwa sababu dirisha lake hupokea jua la asubuhi. Kwenye boriti hiyo pana ufa mwembamba kama uzi. Katika ukurasa wa tatu niliuita mkunjo wa kawaida wa lipu. Mhandisi alitoa mkobani chombo mfano wa pasi, kinacholia kikipita juu ya chuma, akakitelezesha polepole juu ya zege. Kikalia mara moja, kikalia mara ya pili, kikanyamaza. Akarudia. Mara mbili, kimya. Akarudia tena upande wa pili, na mara hii niliona midomo yake ikihesabu.

"Hapa panahitaji nondo nne, tena nene," alisema akishuka. "Zimo mbili, na ni nyembamba. Haitaanguka kesho. Lakini nisingemlaza mtu chumba cha juu, wala nisingeweka kabati, mpaka boriti hii ishikiliwe."

Unanifahamu, sikunyamaza. Nilimwambia kwamba chombo chochote huweza kukosea, kwamba jambo halithibitiki kwa kipimo cha aina moja, na kwamba boriti iliyosimama miaka arobaini na mmoja nayo ni ushahidi unaostahili kusikilizwa. Alikuwa anafungua kinywa anijibu tuliposikia fimbo nyuma yetu.

Babu alikuwa mlangoni. Alikuja peke yake kwa miguu, na kofia ameivaa nyuma mbele.

"Chombo hakijakosea," alisema. "Ni mbili. Nilizihesabu mimi."

Haya yafuatayo ni maneno yake kwako, na ameniamuru nisiyapambe:

"Mwanangu, marehemu mwenye nyumba alileta nondo mbili, akasema zilizobaki zinakuja jioni. Jioni hazikuja. Akaniambia nimwage zege hivyo hivyo, au nimpishe mwingine amwage. Wewe ulikuwa na miezi minane, na mama yako alikuwa bado mgonjwa kitandani. Nikamwaga. Niliona si sawa na nikamwaga. Basi."

Ameigonga meza. Maana yake nisiongeze kitu hapo.

Lakini hapa chini naandika yangu, naye amenikubalia. Unakumbuka desturi yake. Kila nyumba aliyoimaliza, zege la kizingiti likiwa bado bichi, aliinama akakandamiza kidole gumba cha kulia chini ya mlango, upande wa kushoto. Utotoni tulivitafuta vidole hivyo mji mzima. Wewe ndiwe uliyenionyesha cha kwanza, kwenye duka la vitambaa. Kwenye nyumba hii nilipiga magoti nikatafuta, sikukiona. Katika ukurasa wa pili nikaandika, kwa uhakika unaonitia haya leo, kwamba rangi imekifunika. Rangi haikufunika kitu. Hakuweka kidole mahali ambapo moyo wake haukutulia.

Na yale matembezi, Shangazi. Kila baada ya mvua kubwa alikushika mkono wewe, na miaka mingi baadaye akanishika mimi, akatupitisha mtaa ule, akasimama ng'ambo ya barabara na kuitazama nyumba kwa muda mrefu mpaka tukachoka na kuanza kumvuta shati. Sote tulisema: anaipenda kazi yake. Ndiyo maana uliichagua nyumba hii na kuziacha nyingine zote. Ulitaka kumpa mzee kile alichokuwa akikitazama kwa hamu. Kumbe hakuwa akiitazama kwa hamu. Pazia la sebuleni likiwa wazi, boriti ile huonekana kutoka barabarani. Alikuwa akiikagua. Miaka arobaini na mmoja, kila baada ya mvua, alikwenda kuona kama imeanza kushuka.

Ulipompigia simu ukamwambia unainunua ili aishi humo nawe ukirudi, alisema tu kwamba ile ya upande wa pili wa mtaa ina hewa zaidi. Tulicheka. Tukasema ni unyenyekevu wa kifundi. Nimemuuliza kwa nini hakueleza wazi, na amenijibu akitazama dirishani: ulikuwa umeshawaambia wenzako wote kazini kwamba nyumba hiyo aliijenga baba yako. Hakuona pa kuanzia.

Nikaweka kalamu chini, nikaenda kumchemshia chai bila kubisha. Ni mara chache, nawe unajua.

Usihofu kuhusu mama mwenye nyumba, yule mjane anayeuza. Aliambiwa siku ile ile. Jirani na mimi tulishusha masanduku yake yote kutoka chumba cha juu, na kesho yake mhandisi alisimamia uwekaji wa magogo matatu ya kuishikilia boriti, ili asiendelee kupika chini ya kitu kisichoaminika. Babu alivua kofia akamwomba radhi. Mama yule alimtazama, kisha akamvutia kiti.

"Nondo mbili alizileta mume wangu," alisema. "Na mafundi niliwapikia mimi, katika jiko hili hili. Kama ni lawama, fundi, njoo tugawane. Usiibebe yote kama mchoyo."

Babu alicheka hadi kikohozi kikamrudia. Sijamwona akicheka hivyo tangu Bibi atutoke.

Sasa uamuzi ni wako. Nimeambatisha ripoti ya mhandisi, yenye picha na michoro. Ni kurasa ishirini na mbili, na nakiri kwa uchungu kwamba hakuna sentensi ya kupunguza. Anasema tiba inawezekana: nguzo mbili mpya, moja kila upande wa uwazi ule, na boriti mpya yenye nondo kamili chini ya ile ya zamani. Kazi ya wiki tatu. Mama mwenye nyumba amekubali gharama hiyo itoke kwenye bei yake, na atatungoja hadi mwisho wa mwezi ujao. Ukiona moyo wako umeikataa nyumba hii, tuandikie tu, tutatafuta nyingine, na hakuna atakayenuna. Babu ametamka hilo mara tatu ili nisilikose.

Ukitaka maoni yangu, ambayo safari hii hayana tanbihi: inunue. Nyumba nyingine zote tulizoziona zina madoa tusiyoyajua. Hii peke yake katika mji mzima tumeijua hadi ndani ya zege, na tunajua ni nani aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Jambo moja zaidi, dogo. Tangu siku ile Babu halali tena mchana kutwa. Ameshusha mwiko wake wa zamani wa uashi kutoka msumarini, ameusugua kutu, na amekwisha kubishana na mhandisi mara mbili kuhusu ukubwa wa kokoto. Mhandisi amemruhusu asimamie kazi, kwa sharti kwamba atakaa kwenye kiti. Mama anasema sasa anajua ubishi wangu niliurithi kwa nani. Nami nimeahidiwa kazi yenye heshima: kushika ngazi.

Mama anakusalimu, na amenitazama nikiandika goti ili ahakikishe nimeliandika. Jirani anakusalimu. Nisalimie wanao, Kidevu na mdogo wake. Mwambie Kidevu kitabu alichoniletea nimekimaliza, na nina pingamizi sita. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe zamu nyepesi na wagonjwa wanaopona, na akurudishe kwetu ukiwa na goti zima.

Nilidhani barua imekwisha, ila Babu ameniomba nisifunge bahasha. Anasema ukiikubali nyumba, zege la kizingiti kipya atakachoweka mlangoni litabaki bichi kwa saa chache tu, kwa hiyo hatalimwaga mpaka utaje siku utakayofika. Kidole cha kwanza anataka kiwe chako. Chake, anasema, atakiweka pembeni, endapo utamruhusu.

Mwanao akupendaye, hata siku anapokubali ameshindwa,

Mbishi.