Sauti ya Umati

12 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Huku tu wazima, ni kikohozi tu cha mwanangu mdogo. Wewe ndiye unayenikosesha raha. Jirani yako kanipigia: eti tangu tumzike shemeji hujalia hata tone, na akina mama wa kanisa umewatimua mlangoni. Dada, utapigana na kila mtu? Ningekuja, ila kiwandani wameninyima likizo. Pasaka inakaribia. Nenda kanisani, tafadhali.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe mtoto maji ya uvuguvugu. Na huyo jirani, kuta zake zina masikio, yeye ana mdomo.

Ndiyo, niliwatimua. Walikaa watano kwenye viti alivyovichonga mume wangu, wakaniambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Seremala wa miaka arobaini na tisa aanguke karakanani, randa mkononi, halafu hakuna kosa? Mwanafunzi akiniletea insha ya namna hiyo, namrudishia. Nikitafuta machozi napata hasira. Kanisani siendi kuambiwa nitabasamu.

Jana alipita katekista. Hata pole hakunipa! Kasema, "Mwalimu, Ijumaa Kuu tunasoma Mateso ya Yesu kwa kugawana sauti. Sina wa kuongoza umati. Wanakwaya wangu wanasema 'Msulubishe' kama wanaomba chumvi." Nikamfukuza. Kaondoka, kaacha kitabu mezani. Mzee mjeuri.

Dada yako

26 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimecheka, kisha nimeogopa. Kasome hiyo sehemu. Si lazima uwe na imani kubwa; umati wenyewe haukuwa nayo.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na watoto. Nilikwenda. Usishangilie kwanza.

Padre alisoma maneno ya Yesu, katekista akasimulia, mimi nikaongoza umati. "Msulubishe!" ya kwanza, watu waligeuka. Ya pili nilitoa kelele ya miezi miwili: ya hospitali, ya kaburi, ya wale mama watano. Na hakuna aliyeninyamazisha! Mbele ya msalaba, hasira yangu ilikuwa na mstari wake kitabuni, inangojewa.

Tukafika pale Yesu anapoinamisha kichwa, ambapo wote hupiga magoti kimya kidogo. Machozi yakaja kama bomba lililopasuka. Muda wa kimya ukapita, mimi bado. Katekista aliweka kidole kwenye mstari, akangoja. Kanisa zima likangoja, na wazee wenye magoti mabovu, sakafuni, bila mto. Hakuna aliyenifariji kwa neno hata moja. Sijawahi kufarijiwa namna ile.

Jana, Pasaka, nilirudi. Walipoimba Aleluya sikuimba. Shangwe sina, na sitaigiza. Lakini mmoja wa wale mama watano alisogea kwenye benchi, akanipisha. Nikakaa. Nikamshukuru Mungu kwa miaka ishirini na miwili na mume wangu, na nilipomtaja kwa jina sauti haikukatika.

Tulipotoka nikamwambia yule mama, "Mwenzangu, nina njaa."

"Na ulivyotufukuza!" akasema, akanishika mkono.

Kwake nilikula sahani mbili.

Dada yako